Kuru: Jina, Ushahidi na Historia ya Protini Iliyokunjika Vibaya

Majina ya maradhi aghalabu hutangulia elimu ya maradhi yenyewe. Mtu huugua, jirani zake hutazama, hutaja lile waonalo, na neno hilo hudumu vinywani mwa watu miaka mingi kabla hajatokea mtaalamu wa kueleza asili ya ugonjwa. Katika Kiswahili neno pepopunda ni shahidi wa jambo hili. Ndani yake mna pepo na punda, na ijapokuwa imejulikana tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba maradhi hayo huletwa na vijidudu viingiavyo katika jeraha, neno halikubadilika, na hapana daktari apotezwaye nalo. Walakini si kila jina la maradhi hubaki hivi bila ya kudhuru. Liko jina lionyeshalo dalili tu, na liko jina lijidailo kuijua sababu. Jina la namna ya pili likikosea huwapoteza hata wenye elimu, na makosa ya namna hiyo hulipwa kwa maisha ya watu.

Historia ya maradhi yaitwayo kuru yaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi usio wa kawaida. Ni historia iliyosaidia kuwafikisha wataalamu kwenye jambo ambalo wengi wao walilikataa kwa muda mrefu, yaani kwamba protini ya mwili wenyewe, bila ya kijidudu chochote, yaweza kukunjika vibaya, ikauharibu ubongo, na hata ikapita kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Wakati huohuo ni historia ya jinsi maneno ya watu wasiojua kusoma yalivyosikilizwa vibaya, kisha yakasikilizwa vizuri.

Wafore na kutetemeka kwao

Wafore wakaa katika nyanda za juu za mashariki ya Papua New Guinea, katika pande za Okapa. Miaka ya 1950 nchi hiyo ilikuwa bado chini ya utawala wa Australia, nayo ilipata uhuru wake mwaka wa 1975. Lugha yao, Kifore, ni moja katika mamia ya lugha za nchi hiyo, na katika lugha hiyo kuru ni neno la kutetemeka. Wenyewe hawakudai zaidi ya hapo walipoyapa maradhi jina hilo. Walitaja kile walichokiona.

Mgonjwa wa kuru huanza kwa kuyumba katika mwendo wake, kama mtu akanyagaye ardhi isiyo thabiti. Kisha mikono na kichwa hutetemeka, na maneno hulegea. Baada ya miezi kadhaa hawezi kusimama bila fimbo au bega la mwenziwe. Halafu hawezi hata kuketi. Mwisho hawezi kumeza. Aghalabu hufa kabla ya mwaka kutimia tangu dalili ya kwanza, na katika muda mwingi wa ugonjwa huwatambua watu wake na hujua yanayomfika. Wagonjwa wengine hucheka pasipo sababu, na kwa ajili hiyo magazeti ya nchi za mbali yalizua jina la kifo cha kicheko. Jina hilo liliwafurahisha wasomaji, lakini halikumsaidia mgonjwa wala tabibu.

Mwisho wa miaka ya 1950 watu zaidi ya 200 walikufa kwa kuru kila mwaka katika kabila la watu elfu kadha na majirani zao wachache. Walioathirika zaidi walikuwa wanawake wazima, na watoto wa kike kwa wa kiume. Wanaume wazima walipatwa kwa nadra. Katika vijiji vingine vya Wafore wa kusini wanawake walipungua mno, wanaume wakabaki na watoto wadogo wasio na mama.

Wafore walikuwa na maelezo yao ya sababu. Walisema kwamba mchawi huiba kitu kilichomgusa mtu, kama mabaki ya chakula au nywele, hukifunga pamoja na majani na magome, na hukificha mahali penye maji na tope. Kadiri furushi lile lioozavyo, ndivyo na mwenye kitu adhoofikavyo. Watu walioshukiwa waliwahi kuuawa kwa kisasi. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, lakini ifaa kutambua kwamba Wafore waliyatenga na jina la ugonjwa. Neno lao lilibaki neno la dalili, na yeyote aliyekuja na maelezo mengine aliweza kulitumia bila ya kugombana nalo.

Majina ya wageni

Wageni waliokuja hawakuwa na subira hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanaanthropolojia Ronald na Catherine Berndt, waliofanya kazi katika sehemu hizo, waliyahusisha maradhi hayo na hofu ya uchawi, yaani walidhani kwamba roho yenye kuogopa ndiyo iutetemeshao mwili. Kisha akaja tabibu wa serikali, Vincent Zigas, aliyewaona wagonjwa na kutambua kwamba hofu peke yake haiui hivi. Mwezi wa Machi 1957 aliungana naye Carleton Gajdusek, tabibu kutoka Marekani, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo makala yao ikalitangaza neno kuru kwa madaktari wa dunia.

Walitafuta sumu katika chakula, majivu na udongo, wasiipate. Walitafuta dalili za ambukizo, wasizione, kwani wagonjwa hawakuwa na homa, na ubongo wa waliokufa haukuwa na uvimbe wa aina iletwayo na vijidudu. Ulikuwa umetobokatoboka kama sifongo, na seli za fahamu zimekufa, hasa katika ile sehemu ya nyuma itengenezayo mizani ya mwendo. Kwa kuwa maradhi yalifuata jamaa za watu, mwaka wa 1958 ilitolewa rai kwamba kuru ni maradhi ya urithi, yaletwayo na jeni moja yenye nguvu zaidi katika wanawake kuliko katika wanaume.

Rai hiyo haikubaki katika karatasi. Ikiwa jeni ya mauti imo katika damu ya kabila zima, basi kabila lenyewe ndilo hatari. Na kwa hivyo yalitokea mapendekezo ya kuwazuia Wafore wasitoke katika nchi yao ili wasiieneze mbegu hiyo kwa wengine. Hapa ndipo uzito wa jina lijidailo kuijua sababu unapoonekana. Watu waliokwisha kufiwa na mama zao walikaribia kufungiwa mipaka kwa ajili ya neno moja, nalo ni neno urithi.

Maneno ya ujamaa

Mwaka wa 1961 wanaanthropolojia wawili, Robert Glasse na Shirley Lindenbaum, walikwenda kukaa na Wafore. Kazi yao ilikuwa pamoja na kuandika nasaba, ili wataalamu wa urithi wapate kuipima rai yao. Jambo walilolikuta lingemfahamikia upesi msemaji yeyote wa Kiswahili. Katika Kifore neno la ndugu halikuwa na maana ya damu peke yake. Watu walifanywa ndugu kwa kulelewa, kwa kukaa pamoja, na kwa kupeana zawadi, kisha wakaitana kwa majina ya ujamaa kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Mswahili amwitaye dada ya mama yake mama mkubwa au mama mdogo, na amwitaye ndugu mtu wasiyeshiriki naye babu, hawezi kustaajabu. Lakini aliyeziandika nasaba kwa kufuata maneno hayo, akidhani kwamba kila neno la ujamaa ni uzi wa damu, alikuwa akichora mti ambao matawi yake mengi hayakutoka katika shina moja. Maradhi yalifuata jamaa kweli, walakini jamaa ni watu walao pamoja na kuzikana, si watu wa damu moja tu.

Glasse na Lindenbaum waliwauliza wazee swali jingine ambalo halikuwa limepewa uzito wake, nalo ni kuru ilianza lini? Wazee walijibu kwa kutaja majina ya watu wa kwanza kuugua katika vijiji vyao, pamoja na mahali walipokaa. Majibu ya kijiji kimoja yalipatana na ya kingine. Kuru ilikuwa ngeni. Ilitoka kaskazini ikashuka kusini katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, na wazee walioulizwa walikuwa hai ilipofika. Jeni ya mauti haiwezi kuenea kiasi hicho katika vizazi viwili au vitatu, kwani waichukuao hufa kabla ya kuzaa watoto wengi. Kumbukumbu ya wazee ilitosha kuitia rai ya urithi shaka kubwa.

Wazee wakasema na jambo la pili. Kabla kidogo ya kuru kufika, ilikuja desturi ya kuwala wafu wa ukoo wakati wa matanga, nayo pia ilitoka kaskazini. Ni wajibu kulitaja jambo hili bila ya dhihaka. Wafore hawakumla adui kwa chuki. Walimla waliyempenda, wakisema ni afadhali mwili wake uliwe na wamliliao kuliko kuliwa na funza. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya wanawake, nao ndio waliokula ubongo, na watoto waliokaa nao walipewa vipande. Wanaume wazima wengi walijitenga na chakula hicho, na wavulana walipokua waliondoka katika nyumba za mama zao wakaenda kukaa na wanaume. Kwa hivyo orodha ya walao na orodha ya wafao zililingana. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kukatazwa na serikali katika miaka ya 1950, nayo ikakoma.

Kondoo na sokwe

Wakati huo ushahidi wa namna nyingine ulikuwa ukikusanyika mbali na Okapa. Mwezi wa Julai 1959 William Hadlow, daktari wa mifugo kutoka Marekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitazama huko London maonyesho ya picha za ubongo wa wagonjwa wa kuru. Yeye alikuwa akichunguza maradhi ya kondoo yaitwayo skrepi, jina litokanalo na kujikwaruza, kwa kuwa kondoo aliyepatwa hujisugua katika miti na kuta hata manyoya yake yakang'oka. Maradhi hayo yalijulikana Uingereza tangu karne ya 18, na katika mwaka wa 1936 Wafaransa wawili, Cuillé na Chelle, walithibitisha kwamba huambukiza, ila huchukua mwaka au zaidi kabla ya kudhihirika. Hadlow aliona matundu yaleyale katika ubongo wa mtu. Mwezi wa Septemba aliandika barua katika jarida la Lancet akashauri kwamba kuru ijaribiwe kwa kupandikizwa katika nyani wa jamii iliyo karibu na binadamu, na kwamba wajaribuo wawe tayari kungoja.

Ushauri ulifuatwa. Mwaka wa 1963 Gajdusek na Clarence Gibbs walipandikiza chembe za ubongo wa wagonjwa wa kuru katika ubongo wa sokwe. Baada ya muda uliokaribia miaka miwili sokwe akaanza kuyumba na kutetemeka. Mwaka wa 1966 wao pamoja na Michael Alpers walitangaza kwamba kuru huambukiza. Gajdusek akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1976.

Virusi vya polepole

Basi ikadhaniwa kwamba kitendawili kimeteguliwa, na likazaliwa jina jipya, virusi vya polepole. Lakini jina hili nalo lilidai kujua sababu iliyokuwa haijajulikana. Kirusi hubeba ndani yake asidi iliyoandikwa maagizo ya urithi, na kwa maagizo hayo hujizidisha. Ukiiharibu asidi hiyo, kirusi hukoma. Tikvah Alper, mwanamke mtaalamu wa mionzi aliyezaliwa Afrika Kusini na kuhamia London, aliupiga uambukizo wa skrepi kwa mionzi ya kutosha kuangamiza virusi vya kawaida. Uambukizo ukabaki. Katika mwaka wa 1967 yeye na wenzake wakauliza waziwazi kama kitu hiki hujizidisha bila ya asidi ya urithi, na mwaka huohuo mwanahisabati J. S. Griffith akaonyesha kwa hoja kwamba protini peke yake yaweza kufanya hivyo ikiwa protini yenye umbo moja huweza kuwalazimisha wenziwe kuligeukia.

Kwa miaka 15 wengi hawakuitilia maanani hoja hiyo, kwa maana neno virusi lilikuwa limekwisha kukaa vichwani. Mwaka wa 1982 Stanley Prusiner wa San Francisco, baada ya kuusafisha uambukizo wa skrepi na kuona kwamba wenye kudumu humo ni protini, alitunga neno prioni. Alilifanya kwa kuunga vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, moja la protini na jingine la kuambukiza, na akazigeuza nafasi za irabu ili litamkike kwa wepesi. Alishutumiwa sana. Mwaka wa 1985 ikajulikana kwamba jeni ya protini hiyo imo katika kila mtu na kila kondoo aliye mzima, na mwaka wa 1993 watafiti wa Zürich wakaonyesha kwamba panya walioondolewa jeni hiyo hawapatwi na skrepi hata wakipandikizwa. Mgeni, basi, alikuwa mwenyeji. Prusiner alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Samaki mkunje angali mbichi

Protini ni mnyororo wa asidi za amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Mnyororo wa protini ya prioni katika mtu hutungwa kwanza kwa viungo 253. Mara utungwapo hujikunja na kupata umbo, na umbo hilo ndilo liupalo kazi. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi yafaa kuliko maelezo mengi, kwa kuwa protini hukunjika ingali mbichi, na ile iliyokwisha kukakamaa katika mkunjo mbaya ni shida kuikunjua. Protini ya prioni iliyo nzima ina sehemu nyingi zilizosokotwa kama ukindu. Ile mbaya imelala bapa, tabaka juu ya tabaka, wala vimeng'enya vya mwili haviwezi kuimaliza.

Mwanafunzi wa lugha aweza kulifahamu jambo hili kwa neno barabara. Mkazo ukiwekwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, neno ni la njia wapitamo watu. Ukiwekwa katika silabi ya pili kutoka mwanzo, ni la jambo lililofanywa sawasawa. Herufi ni zilezile kwa mpango uleule. Hali kadhalika viungo vya protini nzima na vya protini mbaya ni vilevile, na tofauti imo katika namna ya kuvikunja. Ila mfano huu una mpaka, maana neno barabara la mkazo mmoja haliwezi kuligeuza la mkazo mwingine lifanane nalo. Protini mbaya hufanya hivyo. Huigusa nzima, nayo ikapinda ikawa kama iliyoigusa, na hizo mbili zikagusa nyingine, hata baada ya miaka mingi ubongo ukajaa matundu.

Maradhi mengine na tahadhari ya majina

Elimu hiyo iliyafungulia njia maradhi mengine. Mwaka wa 1906 tabibu Alois Alzheimer alieleza mbele ya wenziwe huko Tübingen habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, ambaye ubongo wake ulikuwa na madoa ya ugumu. Mwaka wa 1984 ilitambuliwa protini fupi iliyomo katika madoa hayo, iitwayo amiloidi beta. Mwaka wa 1912 Friedrich Lewy alieleza vidonge vidogo ndani ya seli za ubongo wa wenye maradhi ya Parkinson, na mwaka wa 1997 ikaonekana kwamba vimejaa protini iitwayo alfa-sainukleini. Hizi nazo ni protini za mwili zilizoacha umbo lao zikagandamana.

Walakini hapa pana haja ya tahadhari. Maradhi hayo mawili hayaambukizi kwa kuishi na mgonjwa, kumlisha au kumwosha, na yeyote atakayeyaita maradhi ya prioni bila ya ubainifu atawatia hofu watu wauguzao wazee wao. Tena, kuona protini iliyogandamana katika ubongo ulioharibika si kuthibitisha kwamba hiyo peke yake ndiyo iliyouharibu. Kwa habari ya Alzheimer mjadala huo haujafungwa. Jina lisilopimwa laweza kufanya tena kazi iliyofanywa na neno urithi katika nchi ya Wafore.

Uingereza yenyewe ilionja hasara ya kuchelewa. Mwaka wa 1986 yalitambuliwa maradhi mapya ya ng'ombe, waliokuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya mifugo. Mwaka wa 1988 kulisha hivyo kulipigwa marufuku kwa wanyama hao, lakini ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua, na mwaka wa 1996 ikatangazwa kwamba maradhi yamefika kwa watu. Katika nchi hiyo walikufa watu zaidi ya 170. Mnyama alilishwa jamaa zake bila ya kupenda kwake, katika nchi ambayo magazeti yake yalikuwa yamewacheka Wafore.

Mwisho wa kuru

Kuru ilikwisha kama wazee walivyoonyesha njia. Desturi ilipokoma, wagonjwa watoto ndio waliotoweka kwanza, kisha vijana, na umri wa wagonjwa ukapanda mwaka hata mwaka. Kati ya 1996 na 2004 walipatikana wagonjwa 11 tu, wote waliozaliwa kabla ya desturi kukoma, na wengine walikuwa wameyachukua maradhi kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba miongoni mwa jamaa za sehemu zilizopigwa sana na kuru umepatikana mgeuko wa jeni unaoizuia protini isipindike, na haukuonekana kwa wagonjwa wa kuru.

Kwa hivyo urithi ulikuwamo, lakini kinyume cha ulivyodhaniwa mwaka wa 1958. Jeni iliyotafutwa kuwa chanzo cha mauti haikuwapo, na iliyopatikana ilikuwa kinga. Mtunga kamusi wa Kiswahili atakapofika kwenye maneno haya, itampasa aandike prioni kuwa ni protini iliyokunjika vibaya yenye kuzipotosha nyingine za namna yake, kwa maana hilo limethibitishwa. Atakapofika kwenye kuru, yatosha aanze na maana waliyoitoa Wafore wenyewe, yaani kutetemeka, ndipo afuatishe sababu. Hofu, urithi na virusi vya polepole yote yamefutwa katika habari za maradhi haya, na neno la Wafore bado latumika.